Santa Cruz ya Recife: Uaminifu Usiosubiri Ushindi

Yapo majuma ambayo mada hutoka moja kwa moja katika masomo ya Dominika, na yapo majuma ambayo mada hutoka katika maisha ya watu, kisha Neno la Mungu hutusaidia kuyasoma maisha hayo. Juma hili naomba tusafiri pamoja kwa fikra hadi Brazil, katika jiji la Recife, makao makuu ya jimbo la Pernambuco, kwenye pwani ya kaskazini mashariki ya nchi ile kubwa. Huko tuitazame historia ya klabu moja ya mpira wa miguu iitwayo Santa Cruz. Jina hilo, kwa lugha ya Kireno, maana yake ni Msalaba Mtakatifu.

Huenda msomaji mmoja akajiuliza, je, padre anatafuta nini uwanjani? Mtume Paulo hakuona aibu kuwaandikia Wakorintho kwa mfano wa wakimbiaji na wapiganaji wa ngumi, kwa maana aliwajua watu wake na aliyajua mambo waliyoyatazama. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Jubilei Kuu, aliadhimisha Misa Takatifu pamoja na wanamichezo katika uwanja wa Olimpiki mjini Roma, tarehe 29 Oktoba 2000, kisha akakaa akatazama mchezo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa mwanachama wa San Lorenzo ya Buenos Aires, klabu iliyoanzishwa mwaka 1908 kwa msaada wa Padre Lorenzo Massa, Msalesiani aliyewafungulia vijana uwanja wa parokia ili wasicheze barabarani. Kanisa halijawahi kuuogopa mpira. Linachouliza ni mpira huo unamfanya mwanadamu kuwa mtu wa namna gani.

Hoja yangu leo ni moja, nayo ina pande mbili. Thamani ya uaminifu hupimwa wakati ambapo hakuna cha kupata. Na uaminifu huohuo, ukikosa upendo wa jirani, huoza ukawa ibada ya sanamu. Sijaona mahali ambapo pande hizi mbili zimeonekana waziwazi kama katika klabu hii ya watu maskini wa Recife.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Tarehe 3 Februari 1914, kundi la wavulana, wengi wao wakiwa bado na umri wa kwenda shule, walikubaliana kuunda timu. Walikuwa wakicheza mpira mitaani, katika eneo la Boa Vista, karibu na uwanja ulio mbele ya kanisa la kale la Msalaba Mtakatifu. Hawakuwa na kiwanja wala mfadhili, na hata jina hawakuwa nalo. Wakachukua jina la lile kanisa lililowatazama wakicheza. Ni vema tukumbuke pia kwamba Wareno walipofika katika nchi ile mwaka 1500 waliiita kwanza kwa jina la Msalaba, kabla biashara ya mti wa rangi nyekundu haijaipa jina la Brazil. Basi wavulana wale, pengine bila kuwaza hivyo, waliirudishia timu yao jina la kwanza la nchi yao.

Ili kuelewa maana ya jambo lile, yafaa tuijue Recife ya wakati huo. Utajiri wa Pernambuco ulijengwa juu ya miwa na sukari, na sukari ile ilijengwa juu ya migongo ya Waafrika walioletwa kwa nguvu kuvuka Atlantiki. Utumwa ulifutwa kisheria nchini Brazil tarehe 13 Mei 1888. Yaani Santa Cruz ilipoanzishwa, ilikuwa imepita miaka 26 tu. Wazee wengi waliotembea katika mitaa ile walikuwa wamezaliwa utumwani. Mpira nao ulikuwa umeingia nchini kama mchezo wa watu wenye nafasi. Klabu mbili kubwa zilizoitangulia jijini zilitoka katika tabaka la juu: Náutico, iliyoanzia katika mchezo wa kupiga makasia na inayohesabu mwaka 1901 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake, na Sport, iliyoanzishwa mwaka 1905 na kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza.

Katika mazingira hayo Santa Cruz ilimpokea katika safu zake kijana mweusi, Teófilo Batista de Carvalho, aliyejulikana kwa jina la utani la Lacraia. Kumbukumbu za klabu humtaja kuwa mchezaji mweusi wa kwanza katika mpira wa Pernambuco, na humtaja pia kuwa miongoni mwa waliochora nembo ya kwanza ya timu. Tazama, ndugu yangu: yule ambaye milango mingine ilimfungia, hapa hakuingizwa kwa huruma tu, bali alipewa kalamu achore alama ambayo wote wataivaa kifuani. Hapo ndipo watu wa vitongojini walipoanza kusema, hii ni yetu.

Rangi za kwanza zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa kuwa timu nyingine ya jijini ilikuwa na rangi hizohizo, nyekundu ikaongezwa, na kwa rangi hizo tatu timu ikafananishwa na nyoka mdogo wa kule mwenye mapete mekundu, meusi na meupe. Hadi leo nyoka huyo ndiye ishara ya klabu. Lakini mashabiki wana jina jingine la mapenzi, wanaiita Santinha, yaani Mtakatifu Mdogo, kama mtu anavyomwita mtoto wa nyumbani. Mtunzi mashuhuri wa muziki wa frevo, Capiba, ambaye nyimbo zake huchezwa katika sherehe za Kanivali za Recife, alikuwa shabiki wake na aliitungia wimbo.

Kuna kisa cha miaka ile ya mwanzo ambacho kila shabiki wa Santa Cruz hukisimulia. Fedha katika sanduku la klabu zilikuwa zimebaki kidogo mno. Katika kikao, mmoja akatoa pendekezo lililoonekana la busara: klabu ivunjwe, na kiasi kilichobaki kinunuliwe mashine ya kukamua juisi ya miwa, iwe mradi wa kuleta faida. Ndipo Alexandre de Carvalho alipopiga meza kwa ngumi akakataa, akisema kwamba Santa Cruz imezaliwa na itaishi milele. Pendekezo likafa, klabu ikaishi.

Naomba tukae kidogo na kisa hiki. Yule aliyependekeza mashine hakuwa mtu mbaya. Hesabu zake zilikuwa sahihi kabisa, kwa maana katika mji wa miwa mashine ya juisi ina uhakika wa wateja, na timu ya wavulana haina uhakika wa chochote. Ila yapo mambo katika maisha ya binadamu ambayo ukiyaweka katika mizani ya faida peke yake yatashindwa kila mara: kumtunza mzazi mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, kubaki katika ndoa wakati wa dhiki, kufundisha katekisimu kigangoni kwa watoto watano, kuimba katika kwaya isiyosifiwa na mtu. Kila jumuiya hufikia siku ambayo mtu mwema husimama na kupendekeza mashine ya juisi. Heri jumuiya ambayo siku hiyo ina mtu wa kupiga meza.

Klabu ile iliyokaribia kugeuzwa mashine ilikua haraka. Mwaka 1919 iliifunga Botafogo ya Rio de Janeiro mabao 3-2, jambo kubwa kwa timu ya kaskazini mashariki wakati huo. Mwaka 1931 ilitwaa ubingwa wa Pernambuco kwa mara ya kwanza. Mwaka 1934, timu ya taifa ya Brazil ilipopita Recife baada ya kurudi kutoka Kombe la Dunia lililochezwa Italia, Santa Cruz iliifunga mabao 3-2. Kati ya mwaka 1969 na 1973 ilichukua ubingwa wa jimbo mara tano mfululizo, na mwaka 1975 ilifika nusu fainali ya ubingwa wa Brazil nzima.

Hata hivyo, njia ya Msalaba haikukosekana. Mwanzoni mwa mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, timu ilisafiri kwa meli kwenda kucheza katika miji ya kaskazini. Brazil ilikuwa imeingia vitani mwaka uliotangulia baada ya meli zake kuzamishwa na nyambizi za Wajerumani, hivyo safari ya baharini ilikuwa ya hofu. Kilichowaua vijana wale, hata hivyo, hakikuwa kombora. Katika mji wa Belém wachezaji wawili, mlinda mlango King na mwenzake Papeira, walishikwa na homa ya matumbo, wakafariki dunia, wakazikwa mbali na nyumbani. Ziara ile hukumbukwa hadi leo kwa jina la ziara ya mauti. Klabu haikuwatoa marehemu wake katika masimulizi ili historia ipendeze. Sisi tunaosali kwa ajili ya marehemu wote tunaelewa kwa nini jumuiya isiyowakumbuka wafu wake haiwezi kudumu.

Sasa tuuangalie uwanja wao, uitwao rasmi José do Rego Maciel, lakini watu wote huuita Arruda kwa jina la mtaa ulipo. Ulifunguliwa mwaka 1972 na kupanuliwa mwaka 1982. Ulipojengwa, mashabiki wenyewe walichangia vifaa vya ujenzi, watu ambao nyumba zao wenyewe zilikuwa bado zinasubiri kukamilika. Wakristo wa kwetu wanaijua desturi hii. Makanisa mengi tunayosalia yamejengwa hivyo, kwa tofali la mjane na debe la mchanga la mtoto wa Kipaimara. Mtu aliyeleta tofali lake hakitazami kile kilichojengwa kama mteja anayetazama bidhaa. Anakitazama kama mzazi.

Katika uwanja huohuo, tarehe 29 Agosti 1993, lilitendeka jambo dogo ambalo dunia nzima iliiga. Timu ya taifa ya Brazil ilikuwa katika aibu, kwa kuwa mwezi mmoja kabla ilikuwa imefungwa na Bolivia, kipigo chake cha kwanza katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia. Ilipokuja Arruda kurudiana na Bolivia, wachezaji waliingia uwanjani wameshikana mikono, mmoja na mwenzake, kama watoto wanaovuka barabara. Walishinda mabao 6-0, wakaendelea kuingia hivyo hadi walipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1994. Watu wa Recife hawajasahau kwamba ishara ile ilizaliwa kwao. Hata Rivaldo, bingwa wa dunia wa mwaka 2002, kijana wa familia maskini wa eneo hilo la Recife, alianza kujulikana akiwa amevaa rangi tatu za Santa Cruz.

Lakini, wapendwa, sikuwaleta Recife ili tuhesabu vikombe. Nimewaleta kwa ajili ya miaka ambayo hapakuwa na kikombe cha maana.

Ligi ya taifa ya Brazil ina ngazi nne: A, B, C na D. Mwaka 2006 Santa Cruz ilikuwa ngazi ya A, ikashuka. Mwaka 2007 ikashuka tena. Mwaka 2008 ikashuka tena. Miaka mitatu, ngazi tatu, mpaka chini kabisa. Mwaka 2009 ilijaribu kutoka katika ngazi ya D ikashindwa, na mwaka 2010 ikashindwa pia. Kwa hesabu ya kawaida ya dunia, hapo uwanja ungepaswa kubaki mtupu. Timu kubwa za Rio de Janeiro na São Paulo huonekana kila juma katika televisheni, na katika sehemu nyingi za Brazil watu wa mikoani wamezichagua hizo kuwa timu zao. Ingekuwa rahisi kwa mtu wa Recife kuvua jezi yenye aibu na kuvaa jezi yenye nyota.

Kilichotokea kilikuwa kinyume. Mwaka 2011, Santa Cruz ikiwa katika ngazi ya nne, wastani wa watazamaji katika michezo yake ya nyumbani ulizidi watu 36,000, idadi ambayo klabu nyingi za ngazi ya kwanza hazikuifikia. Mwaka huohuo iliifunga Sport katika fainali ya ubingwa wa Pernambuco, na kuizuia isichukue ubingwa wa sita mfululizo. Tarehe 16 Oktoba 2011 watu wapatao 60,000 walijaa Arruda kutazama mchezo wa kupanda daraja dhidi ya Treze ya Campina Grande. Mchezo ulikwisha bila bao. Sare hiyo ikatosha. Watu 60,000 wakalia kwa furaha kwa sababu timu yao imepanda kutoka ngazi ya nne kwenda ngazi ya tatu!

Mtu anaweza kucheka. Mimi sicheki. Mwanzoni mwa majira yale hapakuwa na uhakika wowote kwamba siku hiyo ingefika, na watu wale walikuwa tayari viwanjani. Hapo ndipo tofauti kati ya kupenda na kununua inapoonekana. Anayenunua huuliza, nitapata nini? Anayependa huuliza, niko wapi wakati mpenzi wangu ameanguka? Injili inatuonyesha jambo hilohilo. Siku ya mikate na samaki makutano walikuwa maelfu. Siku ya Msalaba walikuwepo Mama, wanawake wachache na mwanafunzi mmoja. Tunalisujudia Fumbo la Msalaba tarehe 14 Septemba na Ijumaa Kuu, tunalibusu kwa heshima, lakini katika maisha wengi wetu ni Wakristo wa siku ya mikate. Biashara ikienda vizuri tunatoa shukrani. Ikianguka, tunahama kwenda kutafuta madhabahu yenye matokeo ya haraka.

Hapa nataka niseme kinagaubaga, kwa sababu mahubiri ya siku hizi yamejaa ahadi za ushindi. Mungu hana timu. Katika Recife timu yenye jina la Msalaba Mtakatifu imeshuka daraja, imefungwa, imedaiwa, imelia. Kama jina takatifu lingekuwa hirizi ya mabao, Santa Cruz ingekuwa bingwa wa milele. Msalaba haukuahidi kwamba hatutaanguka. Uliahidi kwamba yupo atakayekuwa pamoja nasi tukiwa chini, naye ndiye atakayetuinua kwa wakati wake.

Na historia haikuishia katika kupanda kulikonyooka kama tunavyopenda katika filamu. Mwaka 2013 Santa Cruz ilikuwa bingwa wa ngazi ya C. Mwaka 2015, ikiongozwa na mshambuliaji Grafite, aliyewahi kucheza Kombe la Dunia la mwaka 2010 na sasa amerudi nyumbani, ilipanda hadi ngazi ya A. Mwaka 2016 ilitwaa Kombe la Kaskazini Mashariki, na kabla mwaka haujaisha ikashuka. Mwaka 2017 ikashuka tena. Mwaka 2021 ikarudi ngazi ya D, na mwaka 2024 haikuwa hata na nafasi katika ngazi yoyote ya kitaifa. Mwaka 2025 ikaanza tena kutoka chini, na ikafanikiwa kupanda kwenda ngazi ya C. Hivyo ndivyo yalivyo maisha ya watu wengi ninaowasikiliza. Wanaanguka na kuinuka, kisha wanaanguka tena. Uaminifu wa kweli haudai kwamba anguko hili liwe la mwisho.

Sasa, wapendwa, ningekuwa mchungaji asiye mwaminifu kama ningeishia hapa. Nilisema hoja ina upande wa pili.

Tarehe 2 Mei 2014 Santa Cruz ilicheza na Paraná katika uwanja ule wa Arruda, uwanja wa matofali ya maskini. Baada ya mchezo, watu fulani waling'oa masinki ya choo katika majukwaa ya juu wakayatupa chini, walikopita mashabiki wa upande wa pili. Sinki moja lilimwangukia kijana mmoja, akafa palepale. Waliohusika walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa vifungo. Na tarehe 1 Februari 2025, kabla ya mchezo kati ya Santa Cruz na Sport, makundi ya mashabiki wa pande zote mbili yalipigana mitaani kwa ukatili mkubwa, watu wakaumizwa vibaya, na serikali ya jimbo ikatangaza kwamba timu zile zicheze kwa muda bila mashabiki.

Hatuna ruhusa ya kusema kwamba wale hawakuwa mashabiki wa kweli, kisha tukaendelea na mambo yetu. Walivaa rangi zilezile. Waliimba nyimbo zilezile. Pengine nao walikuwepo uwanjani katika miaka ya ngazi ya D. Hilo ndilo jambo la kutisha. Uaminifu ni nguvu, nayo nguvu yahitaji dira. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa timu, kwa kabila, kwa chama, hata kwa dhehebu, mpaka akafika mahali ambapo aliye nje ya kundi lake si mtu tena, bali ni kitu cha kutupiwa sinki. Hapo kile alichokipenda kimekaa juu ya kiti cha Mungu, na sanamu zote, tangu kale, mwishowe hudai damu ya binadamu.

Mambo mawili yalizaliwa au kutendeka ndani ya kuta zilezile za Arruda: mwaka 1993 mikono iliyoshikana, na mwaka 2014 mikono iliyong'oa sinki. Kila mmoja wetu anayo mikono hiyo miwili. Swali la kujiuliza jioni tunapochunguza dhamiri ni hili: mapenzi yangu kwa kundi langu leo yamenifanya nimshike nani mkono, na yamenifanya nimtupie nani jiwe, hata kama jiwe lenyewe ni neno tu?

Katika jiji lile la Recife aliishi mchungaji aliyelijua hilo vizuri. Dom Hélder Câmara alikuwa Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu Katoliki la Olinda na Recife kuanzia mwaka 1964 hadi mwaka 1985. Aliacha jumba la kiaskofu akaenda kuishi katika chumba cha kawaida nyuma ya kanisa dogo katika eneo la Boa Vista, eneo lilelile ambamo wavulana wa mwaka 1914 walichezea mpira wao. Alikuwa mwaminifu kwa maskini wakati wa utawala wa kijeshi, magazeti yakizuiwa hata kulitaja jina lake, na bado alikataa njia ya mabavu na chuki mpaka alipofariki dunia mwaka 1999. Kwake unaiona picha kamili. Alisimama upande mmoja bila kuyumba, na hakumgeuza aliye upande wa pili kuwa mnyama.

Yupo atakayesema, padre, haya yote ni mchezo tu, na fedha ya maskini inayoishia langoni mwa uwanja ingenunua unga. Siudharau wasiwasi huo. Baba anayekata tiketi huku mtoto wake hana daftari hajaelewa uaminifu unaanzia wapi. Lakini pia tusiwe wepesi wa kuwanyang'anya maskini furaha zao kwa jina la kuwahurumia. Matajiri hawaulizwi gharama ya burudani zao. Mtu aliyefanya kazi ya sulubu juma zima, akakaa Jumapili kando ya jirani yake wakaimba pamoja, amepata kitu ambacho unga peke yake hautoi, yaani amekumbushwa kwamba yeye si peke yake. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitufundisha kwamba furaha na matumaini ya watu, hasa walio maskini, ni furaha na matumaini ya wafuasi wa Kristo pia.

Kwa vijana wa parokia nina neno moja la pekee. Wengi wenu mnawajua kwa majina wachezaji wa akiba wa timu za Ulaya, na hamjui timu ya kata yenu ina mchezo lini. Sitawakataza kuipenda timu ya mbali. Lakini jifunzeni kwa watu wa Recife. Wao walikuwa na televisheni kama ninyi, na miamba ya Rio de Janeiro ilikuwa inaonekana kila siku, lakini walikwenda Arruda kwa sababu Santa Cruz ingeweza kufa bila wao. Timu ya Ulaya haitagundua kama umelala. Timu ya mtaa wako itagundua. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo yenye watu kumi itagundua usipokuja. Kwaya itagundua. Mgonjwa wa nyumba ya pili atagundua. Ni rahisi kupenda kile kinachong'aa mbali, kisichokuhitaji. Wito wa Mkristo ni kupenda kilicho karibu, kilichochakaa, kinachokuhitaji.

Basi juma hili nawaomba kila mmoja atafute ngazi yake ya D. Pengine ni ndugu aliyefilisika ambaye simu zake zimeacha kupokelewa. Pengine ni jumuiya iliyobaki na wazee watatu. Pengine ni ndoa yako mwenyewe. Nenda ukakae jukwaani pake, bila kuuliza lini itapanda. Na ukikutana njiani na aliyevaa rangi nyingine, mpe mkono kwanza.

Tuombe. Ee Bwana wetu Yesu Kristo, uliyetukomboa kwa Msalaba wako Mtakatifu, utujalie kudumu karibu na walioanguka, kama Mama yako alivyodumu karibu nawe. Uwapokee King na Papeira, na kijana yule aliyekufa langoni mwa Arruda, na wote waliopoteza uhai katika vurugu za michezo, katika raha ya milele. Utuondolee mikononi mawe tuliyoyashika, utuachie mikono mitupu ya kumshika jirani. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.



Paroko wenu